Mwache Alie

Tulitoka Kasongo kurudi Kabambare, watatu juu ya pikipiki: Radjabu dereva, mama mmoja aliyefunga mutoto mchanga kifuani, na mimi nyuma kabisa. Mutoto alilia njia nzima. "Mama, mupe ziwa, masikio yangu inakufa!" Radjabu alilalamika. "Amekwisha kunyonya," mama akajibu. "Mwache alie, kaka! Huyu alizaliwa kimya, mwili wote bluu. Hospitalini Kasongo walimuvutisha dawa ya hewa kwa pua, ndiyo akalia." "Dawa ya hewa? Hewa si hii iko imejaa hapa?" "Yako ni vumbi tupu!"

Nilicheka, ingawa barabara hii ndiyo ilimchelewesha marehemu mke wangu kufika hospitali, na wakubwa bado wanaahidi kuitengeneza. Wao wana hewa baridi ndani ya magari yao. Mutoto wa Kabambare anaifuata yake mpaka Kasongo.

Walibishana hivyo hadi karibu na Kabambare, mutoto akanyamaza. Radjabu akafunga breki ghafla, akageuka. "Mama, mbona amenyamaza?"

Mama akaweka shavu lake puani mwa mutoto, akatabasamu. "Anapumua. Amelala tu."

"Mufinye kidogo," Radjabu akasema, "tusikie."