Gauni Lililoishia Masikioni

Benchi lenyewe ni ubao mmoja tu juu ya matofali, umebanwa kati ya mlango wa kinyozi na mlango wa fundi cherehani, lakini lau maneno yaliyosemwa pale yangekuwa mabati, mji mzima ungeezekwa na yangebaki ya kujengea banda la kuku. Asubuhi ile joto lilikuwa la kukaanga yai juu ya kofia ya mtu. Mama Birika alikuwa ameshapuliza mkaa wake, kahawa inatokota, na Bila Futi, fundi cherehani, alikuwa amerudi jana yake kutoka likizo kwa dada yake, yeye na mkewe na kitinda mimba wao, wiki tatu nzima. Jina la Bila Futi hakupewa na wazazi. Alijipa mwenyewe. Aliapa kwamba toka ajue kushona hajawahi kumzungushia mteja futi mwilini. Anakutazama mara moja, kama mtu anayekagua kuku sokoni, kisha anakata. Ni kweli kwamba suruali nyingi za mtaa ule zilivaliwa na watu wengine, siyo wale walioziagiza, lakini kila suruali mwishowe ilipata mtu, na Bila Futi aliuita huo ushindi.

Siku ile alikaa ameinama. Magotini ametandaza kitambaa cha manjano, chaki iko nyuma ya sikio, mkasi uko pembeni, na uso wake ni wa mtu anayeumwa jino.

— Haya, msafiri, — alianza Wembe, kinyozi, huku akikung'uta kitana chake pajani. — Lile gauni la mpwa wako limemkaa?

Gauni hilo wote walilijua. Kabla ya safari, Bila Futi alilitundika mlangoni siku mbili ili wapita njia wapate elimu. La manjano, lina marinda shingoni, mikono imevimba kama maandazi.

— Limemkaa, — akajibu Bila Futi.

— Limemkaa wapi?

Bila Futi akanywa kahawa kwanza.

— Masikioni.

Pampu, fundi baiskeli, aliyekuwa amechuchumaa na tairi mkononi, alicheka mpaka upepo wote ukamtoka, yeye na tairi.

— Masikioni! Yaani halikupita kichwa?

— Lilifika masikioni likagoma. Nawaambieni, na mkinicheka shauri yenu: yule mtoto nilimwacha mara ya mwisho ananifika hapa, — akashika goti. — Nafika kwa dada, mlango unafunguliwa, natazama chini kumtafuta, naona tumbo. Natazama juu, naona mtoto anacheka hana meno mawili. Nikamwambia, "Shikamoo." Nilidhani mama mkwe wa dada.

— Muongo wewe! — akasema Mama Birika, na huku anammiminia tena.

— Haki ya nani. Na yule mtoto alivyo na moyo, hakulivua. Alishinda nalo kichwani mchana kutwa, mikono kaitoa pembeni, anagonga kuta, anasema, "Mjomba, limenikaa, limenikaa." Shemeji yangu kajiangusha kwenye kiti anacheka mpaka kiti kinalia. Jioni mtoto akanijia taratibu, akaninong'oneza. Mnajua kaniambia nini?

— Nini?

— "Mjomba, la pili lishone mimi nikiwa ndani."

Hata Pampu aliacha kuchokonoa tairi.

— Basi nikaapa mbele ya wote, — Bila Futi aliendelea. — Jumamosi wanakuja kwangu, dada na shemeji na watoto, wamalizie likizo. Nikasema akishuka tu, gauni linamngoja, na litamkaa mpaka alie kwa raha. Shemeji akasema, "Pima basi, fundi, mtoto si huyu hapa?" Nikamwambia, "Shemeji, nani anaitwa Bila Futi hapa, wewe au mimi?"

— Ukamjibu vizuri sana, — alisema Wembe. — Mtu na jina lake.

— Nilimjibu vizuri. Sasa kitambaa ndicho hiki. Duka zima wamebakiza kipande hiki tu cha rangi ile, nimekigombania na mama mmoja nusura tuitiane polisi. Nikikosea mkasi, basi. Mtoto atashuka Jumamosi na mikono yake pembeni, na shemeji atavunja na viti vya kwangu.

Alipiga mstari wa chaki kwenye kitambaa, akaufuta na kiganja, akapiga mwingine. Jambo likawa la benchi zima, maana pale kijiweni shida ya mtu haiachwi iende nyumbani kwake peke yake.

— Kwanza tujue kwa nini amerefuka, — alisema Wembe. — Huwezi kutibu ugonjwa usioujua. Mimi nakwambia ni nywele. Huko kwa dada yako wananyoa mara kwa mara?

— Wananyoa.

— Umeona! Nywele zinakula nguvu ya mtoto. Ukizinyoa, ile nguvu inakosa pa kwenda, inashuka mifupani. Ndiyo maana mtu mwenye kipara hafupiki.

— Baba yako ana kipara na mimi nampita kwa kichwa, — alisema Pampu.

— Alianza kunyoa amechelewa. Samaki mkunje angali mbichi!

— Acha nywele zako, ni joto, — alisema Pampu, akainua tairi kama hakimu anayeonyesha kisu cha mshtakiwa. — Mtoto ni mpira. Nikiujaza upepo asubuhi, nikauacha juani, saa sita unatuna wenyewe, sijaugusa. Na likizo wameiweka wakati gani? Wakati wa joto! Wanawatoa watoto darasani kwenye kivuli, wanawaanika nje. Unategemea nini? Ndugu yangu, wala usihangaike. Wakifika Jumamosi, mweke mpwa wako kwenye beseni la maji baridi. Kufika jioni lile gauni la kwanza linapita.

— Na ukizidisha maji?

— Mvumilivu hula mbivu.

Hakuna aliyeelewa, lakini wote walitikisa vichwa.

— Nyie hamjui, — alisema Bila Futi, kwa sababu hakupenda uongo uende mbali bila yeye. — Mimi nimemwona akikua. Kwa macho haya. Tumekaa mezani, kidevu chake kiko chini ya ubao. Nikainua kikombe, nikanywa, nikakirudisha: kidevu kiko juu ya ubao, na mkate wangu haupo.

— Alisimama kwenye kiti, — alisema Mama Birika.

— Mama, mimi mtu mzima. Kiti nakijua. Na siyo urefu tu. Tulipofika hakujua kufunga kamba za viatu. Anazisokota tu zinafanana na kiota. Kila asubuhi wanakaa kizingitini na binti yangu, wanafundishana, wanatukanana, wanalia, wanaanza upya. Wiki ya pili nimelala kitini, naamka, kamba zangu zimefungwa. Za kushoto na za kulia, pamoja. Nilianguka chini kama gunia, na nilivyoanguka nilikuwa nacheka. Alikuwa amejua!

— Kwani hao wawili walizaliwa pamoja? — aliuliza Wembe.

— Wiki moja! Dada alijifungua, mke wangu akafuata. Mama yetu, anayekaa kwa dada, aliwasimamisha siku ya kuondoka, mgongo kwa mgongo ukutani. Sawasawa! Inzi angetembea kutoka kichwa hiki hadi kile, hapandi wala hashuki.

Mama Birika siku zote hakutoa hukumu yake mpaka wanaume wachoke. Alifuta mdomo wa birika na kitambaa chake.

— Mnahangaika bure, — alisema. — Ni wageni. Likizo nzima watu wanatembeleana. Anaingia shangazi: "Ee, umekua!" Anaingia babu mdogo: "Jamani, umekuwa mkubwa!" Anaingia jirani hata hahusiki: "Huyu ndiye yule? Amekua!" Sasa mtoto mwenye adabu afanyeje? Wakubwa wote wamesema. Anakua.

Wembe alivua kofia.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, — alisema polepole. — Kumbe ndiyo maana yake!

— Basi dawa ipo, — Pampu akaruka. — Jumamosi wakishuka, sote tujipange hapa. Mtoto akipita tunamwambia, "Maskini, umefupika!"

— Mpaka analia?

— Mpaka gauni linapita!

— Hapana, — alisema Bila Futi, na sauti yake ilikuwa imepungua majigambo. — Huyu asiambiwe hivyo. Kashinda na gauni kichwani kutwa nzima ili mimi nisione haya. Mtoto wa miaka sita.

Aliinua mkasi. Kwenye kitambaa ilikuwapo mistari mitatu ya chaki: wa Wembe, uliokuwa mrefu kwa sababu ya nywele, wa Pampu, uliokuwa mfupi kwa sababu ya beseni, na wake mwenyewe, uliopita katikati kwa sababu alikuwa anaogopa. Akafumba jicho moja. Akafungua mkasi.

— Samahani, fundi. Mnashona mikanda ya mikoba?

Alikuwa mwanamke mgeni, begi kalikumbatia kama mtoto mgonjwa, mkanda wake umekatika unaning'inia. Alikuwa amesimama pale muda mrefu, anangoja wanyamaze, na alikuwa ameshaelewa kwamba hawanyamazi.

— Tunashona, dada, hata mikanda ya treni. Kaa, unywe kahawa, nakata kitu kidogo hapa.

Mwanamke hakukaa. Aliangalia ile mistari mitatu.

— Nimesikia, samahani, siyo kwamba nilikuwa natega sikio. Si umesema mpwa wako na binti yako ni sawasawa?

— Inzi hapandi wala hashuki!

— Na binti yako unaye hapa.

— Ninaye. Yuko nyumbani, pale nyuma ya kisima.

— Sasa huyo wa kwako amefika wapi?

Bila Futi akacheka. Swali gani hilo! Akanyoosha mkono, kiganja chini, amwonyeshe. Mkono ukasimama kwenye mkanda wa suruali. Akautazama. Ukashuka kidogo. Ukapanda mpaka mfuko wa shati. Ukayumba hapo kama mizani ya dukani, ukashuka tena.

— Anafika... Akisimama mlangoni, anafika... Lile komeo, analipita? Au mama yake ndiye anayelifungua?

Wembe alitaka kumcheka. Alishavuta pumzi kabisa.

— Na wa kwako, kaka? — mwanamke akamuuliza.

— Wangu namnyoa kila wiki mwenyewe! — Wembe akanyoosha mkono, na mkono ukakwama hewani. — Ila namnyoa amekaa. Utosi wake naujua, jamani. Hata kovu lake nalijua. Lakini akisimama...

— Wangu nampakia nyuma ya baiskeli, — alisema Pampu, naye kiganja hewani, hakungoja kuulizwa. — Namjua kwa kilima. Siku hizi kilima kimekuwa kirefu.

Mama Birika naye alikuwa amenyoosha mikono, lakini yeye aliinyoosha ubavu kwa ubavu, kama mtu anayepima kitanda.

— Mimi natoka hajaamka, — alisema. — Wangu namjua urefu wa kulala.

Mwanamke aliwatazama: watu wazima wanne, mikono hewani, kila mmoja ameshika kichwa cha mtoto ambaye hayupo. Kahawa ikapoa vikombeni, jambo ambalo pale halijawahi kutokea toka birika linunuliwe.

Bila Futi alikunja kitambaa, akakitupia begani. Akaingia dukani kwake, wakamsikia akivuta droo, akimwaga vifungo, akikohoa vumbi. Akatoka, na mfuko wa shati umetuna.

— Fundi, hicho mfukoni nini? — aliuliza Wembe.

— Mkanda.

— Mkanda wa suruali?

— Wa suruali. Dada, begi lako niachie, nageuka sasa hivi.

Akaenda. Na kwa mara ya kwanza hakusimama njiani kumwambia mtu yeyote chochote.

Binti yake alikuwa kizingitini anajifunga kamba za viatu, ulimi nje, hana pa kwenda, anafunga kwa raha tu. Bila Futi akatoa futi. Lilikuwa jipya kabisa, limejikunja kwenye mpira wake tangu siku aliponunua cherehani.

— Simama ukutani hapo, mama.

Mtoto akasimama, akalitazama lile futi.

— Unanipima mimi?

— Nakupima wewe.

— Gauni la nani?

— La binamu yako. Jumamosi anakuja.

— Haya, — alisema mtoto, akanyoosha mikono pembeni kama alivyoona kwa wateja wa mafundi wengine.

Bila Futi akapiga magoti. Akaweka futi begani mwa mtoto, akaliteremsha mpaka gotini, akasoma. Ile mistari mitatu yote ilikuwa uongo, na uongo mkubwa ulikuwa wa kwake. Akapima kifua. Akapima shingo. Halafu akatazama kile kitambaa begani mwake, kipande cha mwisho cha duka zima, akafikiria marinda. Marinda yanakula kitambaa kama mbuzi. Bila marinda, bila mikono ya maandazi, kikilazwa upande wa pili na kukatwa na mtu mwenye akili...

— Na la kwako, — alisema. — Mtavaa sare.

Mtoto akajibana tena ukutani. Ila Bila Futi alipoweka tena futi begani, gauni lilikuwa limeongezeka inchi nzima. Akatazama chini. Visigino vya mtoto vilikuwa hewani, vidole vimeng'ang'ania sakafu, mabega yamevutwa juu, pumzi imebanwa, na uso umetulia kabisa kama wa mtu ambaye hajafanya lolote.

Bila Futi angeweza kumwambia ashuke. Lakini damu yake aliijua.

Akaisoma ile inchi kwa sauti, na akaiacha ibaki. Kufika Jumamosi mtoto atakuwa ameshaifikia.