Alama Ndani ya Birika

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, nje ya kibanda cha kinyozi, na Seremala ndiye aliyeuranda kwa mkono wake. Saa nne ya asubuhi Bi Kahawa alikuwa ameshatua jiko lake. Kinyozi alikuwa amekaa, yule ambaye kila jambo analo jawabu kabla halijaulizwa, na pembeni yake Fundi Bomba, mwenye vidole vyeupe kwa chokaa hata siku za mapumziko. Seremala alifika mwisho, akikohoa, mfuko wa koti ukining'inia upande mmoja kwa uzito wa chupa ya siki. Siku ya arobaini na tatu hiyo tangu amzike mkewe. Binti yao alikuwa anakuja jioni, na alishatuma neno: baba, lichemshie siki lile birika la mama, utoe ukoko wa chokaa, la sivyo nikifika nalitupa.

— Karibu, kaka. Kaa hapa, Bi Kahawa alimwambia, akammiminia kahawa.

— Usimpe ya chini, Kinyozi akadakia. Ya chini ina mchanga.

— Si mchanga, ni chokaa. Kagombane na bomba, mimi niache.

— Fundi, kesi yako hiyo.

— Mimi nazibua tu. Maji yanapita ndani ya kile kilima cheupe, yanalamba jiwe, yanakuja nalo. Jana nimefungua bomba la kuogea kwa mama mmoja, matundu yote yameziba. Anaoga kwa matone, na kila tone anaomba dua.

— Afadhali yeye anaoga, Bi Kahawa alisema. Mimi kufua kumenishinda. Mche mzima wa sabuni, povu hakuna. Suruali ya mume wangu ikikauka naiegemeza ukutani, inasimama. Juzi nimeisalimia.

Wakacheka. Seremala naye alitabasamu kidogo, mkono juu ya mfuko wenye chupa.

— Chekeni tu, Kinyozi alisema. Mimi ndiye ninayeshika vichwa vyenu. Vichwa vya mtaa huu vinazidi uzito mwaka hadi mwaka.

— Chako kilianza zamani, Bi Kahawa alisema.

— Nasema kweli! Mashine yangu inalia kama inapita juu ya kigae. Maji haya yanatugeuza jiwe, kuanzia ndani, polepole, mtu hasikii maumivu.

— Ulimi wako umesalimikaje?

— Subirini. Nilipokuwa mdogo, jua lilichelewa kutufikia kwa sababu ya kile kilima. Siku hizi mapema tu liko dirishani. Kilima kimekwenda wapi? Kimo kwenye masufuria yetu. Kila kilicho ndani ya kile kilima kinashuka na bomba, tunakinywa, kina...

Akakatiza, lakini alikuwa amechelewa. Makaburi yako juu ya kilima kile.

Bi Kahawa alimchapa kwa kitambaa cha vikombe. — Huna haya? Huoni nani amekaa hapa?

— Nisamehe, kaka. Mdomo umenitangulia.

— Hujanikosea, Seremala alisema taratibu. Tumetoka kwenye udongo, na Mwenyezi Mungu anajua anakoupeleka. Ila nina swali, Fundi. Ukoko wa birika unaweza kukua peke yake?

— Peke yake vipi?

— Birika limekaa rafuni. Halina maji.

— Haiwezekani. Hata ukiliacha na maji ya baridi utapata doa tu. Ukoko ule mpaka maji yachemke, tena yachemke mara nyingi.

Seremala aliweka kikombe chini.

— Mke wangu alilichemshia birika lile miaka thelathini na mmoja. Ukoko wake ulikuwa mnene, ukilitikisa unasikia vipande. Siku ya pili ya mazishi nikachukua msumari wangu wa kuchoria mbao, nikapiga mstari ndani, pale ukoko ulipokomea. Nilitaka ijulikane alipoishia. Nikaliweka rafuni, sijaligusa tena. Leo nimelishusha nilitie siki.

— Enhe?

— Mstari siuoni. Ukoko umeupita, unene wa kijiti cha kiberiti.

Fundi alitazama vidole vyake.

— Labda mvuke, alisema. Mvuke wa jirani, unapita dirishani.

— Labda panya, Kinyozi alisema, kwa sauti ambayo hata yeye hakuiamini.

— Panya wa kuchemsha maji?

— Basi unakua kama kucha. Kucha za maiti nazo si husemwa kwamba...

— Nyamaza, Bi Kahawa alimwambia, safari hii bila kitambaa.

Seremala akashikwa na kikohozi tena, kirefu. Kando ya jiko alikuwa amesimama dada mmoja muuguzi, mgeni wa mtaa, wiki yake ya kwanza, na chupa yake ya chai mkononi akingoja kujaziwa.

— Pole, baba, alisema. Na kifua hicho, alfajiri unatawadha kwa maji ya baridi?

— Hapana, mwanangu. Ya baridi siyawezi tangu ujana. Natumia ya moto. Yanakuwa kwenye ndoo, nyuma ya mlango.

— Vizuri. Unaishi na nani?

— Peke yangu.

Dada akatikisa kichwa, akampa Bi Kahawa chupa yake. Kisha akageuka, kama mtu aliyesahau kitu kidogo.

— Sasa nani anakuchemshia?

Seremala aliikumbuka alfajiri ya leo. Akaiona ndoo ya alfajiri ile, kifuniko kikiwa na jasho, na mvuke wa kwanza usoni. Akasikia na sauti yake mwenyewe ikisema, kama ilivyozoea kumwambia mkewe, Mungu akulipe mama, kabla hajaingiza mikono.

Bi Kahawa aliinamisha birika lake juu ya chupa ya yule dada. Kahawa ilikuwa imekwisha. Vilidondoka vipande viwili vyeupe, vikagonga chini.

Seremala akasimama. Alitoa siki mfukoni, akaiweka juu ya ubao pale alipokuwa amekaa, akashika njia ya nyumbani. Hakuna aliyemwita kumwambia amesahau chupa.