Karibu Bila Hodi

Mwaka 1999, ndani ya basi la kutoka Kisii, kijana wa kiti cha mbele alinifundisha intaneti bila hata kunigeukia. Mwanafunzi wake alikuwa mama aliyekaa kando yake. Alimwambia yeye ni Dev, wa duka la vinyago vya mawe mjini, na websaiti ya duka ameitengeneza mwenyewe.

"Ukifungua tu, inaandika KARIBU. Kubwa, na inametameta!"

Mama huyo, Benter, alikuwa amejitambulisha kuwa mpokeaji wageni hotelini. "Na mgeni anapiga hodi wapi?" akauliza.

"Kuna kitabu cha wageni. Mtu yeyote duniani anaandika."

"Nani ameshaandika?"

"Mzungu mmoja wa Kanada. Anauliza kama tunaweza kumchongea kiboko." Alilitamka hilo kama mtu aliyevikwa nishani.

"Ukamjibu nini?"

"Mama, kile ni kitabu cha wageni. Wageni ndio wanaandika."

Nadhani hata dereva aligeuza shingo.

"Aliandika lini?"

"Pasaka." Tulikuwa mwezi wa Agosti.

"Woi! Mtu amesimama mlangoni tangu Pasaka, na wewe unammetameshea karibu!"

"Lakini ameshaingia, mama. Kaunta ya websaiti, ile namba ya waliofungua, ilimhesabu."

Basi likasimama Masimba. Benter akainuka, akachukua mkoba wake. "Haya, Dev, mimi nashuka. Kwaheri."

Dev akamtolea tabasamu kubwa, linalometameta, wala hakumjibu.