Mama Cherehani na Gari Lake Nililoliuza

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi mafundi cherehani mliofunga vibanda vyenu asubuhi hii ili mje kumsindikiza: asanteni. Wengi wenu marehemu aliwajua kwa mlio wa mashine zenu kabla hajawajua kwa sura. Mimi ni mdogo wake wa pekee. Shemeji yangu, mume wa marehemu, ndiye aliyenipa kazi hii. Nilimwomba ampe binti yao, akakataa. "Wewe ndiye mwenye la kusema," aliniambia. Basi nitasoma, pamoja na yale yanayonishusha. Shemeji ameyaona kwenye karatasi na hakufuta hata mstari.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Machi 1957, mtoto wa kwanza wa mlinzi wa kiwanda cha sabuni, katika nyumba ya vyumba viwili iliyoegemea ukuta wa kiwanda hicho. Alikuwa akisema nyumba yetu ilinukia usafi hata siku ambazo hakuna aliyefagia. Mimi nilizaliwa miaka kumi na moja baadaye. Mama yetu alifariki Agosti 1974, nikiwa na umri wa miaka sita, na tangu hapo marehemu ndiye aliyenikata kucha, aliyenisimamia nioge, na aliyekwenda kuzungumza na mwalimu mkuu nilipovunja kioo cha maktaba.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, kisha sekondari ya wasichana hadi kidato cha tatu. Alikuwa wa kwanza katika hesabu na wa mwisho katika kushona, jambo lililomchekesha maisha yake yote. Aliacha shule muhula uliofuata kifo cha mama. Hakuna aliyemwambia aache. Siku moja asubuhi alinivalisha sare yangu, yake akaikunja na kuiweka chini ya godoro.

Januari 1975 aliajiriwa katika kiwanda cha mashati, upande wa kola. Mashine ikiharibika, wanawake walikaa kumsubiri fundi wa kutoka makao makuu, hata siku tatu, na siku hizo hawakulipwa. Mwezi wa nne marehemu alichoka kusubiri. Akafungua mashine yake kwa kisu cha mezani, akatoa uzi uliojisokota ndani, akaifunga.

"Nani kakuruhusu?" msimamizi alimuuliza.

"Hakuna. Lakini inashona."

Alikatwa mshahara wa siku hiyo, na baada ya wiki mbili akahamishiwa chumba cha mafundi, mwanamke peke yake kati ya wanaume tisa. Alikaa humo miaka kumi na sita. Hapo ndipo jina la Mama Cherehani lilipoanzia, hata kabla hajawa mama.

Tarehe 3 Septemba 1983 alifunga ndoa na shemeji yangu, mpiga chapa, mtu ambaye mpaka leo vidole vyake havijatoka wino. Binti yao, ambaye ni muuguzi, alizaliwa mwaka 1986. Kiwanda cha mashati kilifungwa 1991, na marehemu akaanza kuwafuata mafundi walipo, mtaa kwa mtaa, akibeba vichwa vya mashine begani. Mgongo ukaanza kumlalamikia. Ndiyo sababu, Juni 1994, alinunua gari.

Nilikuwepo siku hiyo. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, ndiyo kwanza nimeanza kazi katika ofisi ya bima, na nilikuwa nimemwonyesha kigari chekundu kilichong'aa kama pipi. Yeye akatupeleka, mimi na shemeji, kwa mpimaji ardhi mstaafu. Bandani palikuwa na gari refu la milango mitano, lenye miaka kumi na saba, rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Lilikuwa la aina ambayo hata waliokuwa nalo walikuwa wanaliacha. Bei yake ilikuwa ndogo mpaka nikamwonea huruma muuzaji.

Marehemu alitandika gunia, akalala chali chini ya gari na kurunzi. Kutoka huko chini akauliza, "Mzee, linaumwa nini?"

"Dirisha la nyuma kushoto halishuki," alijibu mpimaji. "Asubuhi za baridi litakuzungusha kidogo kuwaka. Na ukikata kona kulia, honi inajipigia yenyewe."

"Na zaidi ya hayo?"

"Zaidi ya hayo, mama, halina la kuficha."

Alipotoka alifungua boneti, akaniita nichungulie. Ukitazama pembeni mwa injini uliiona ardhi. "Unaona?" alisema. "Mkono unaingia. Kila kitu kiko mahali ninapoweza kukifikia. Lile lako jekundu likikohoa tu, nitakaa kumsubiri mtu wa makao makuu."

"Dada, watu watatucheka."

"Mimi nitakuwa ndani nimekaa. Wao watakuwa wamesimama."

Kwa miaka ishirini na minane gari lile halikumwangusha. Vipuri vyake vilipatikana gulioni, kwenye turubai, kati ya vitasa na redio mbovu. Plagi alibadilisha mwenyewe, kabureta alisafisha mwenyewe juu ya gazeti sebuleni, shemeji akiinua miguu. Aliliacha popote bila kufunga milango, kwa sababu hata wezi wana macho. Likichubuliwa alitazama, akasema "Haya," akaondoka zake. Viti vya nyuma vilikuwa vinalala, na juu yake zilikaa mashine nne, siku nyingine na mwenye mashine pia. Nimewahi kumsikia akimwambia mteja kwamba raha ya gari bovu la sura ni kuwa halikuombi chochote: hulioneshi kwa mtu, hulilindi, hulali ukiliwaza. Unalipanda, linakufikisha, basi.

Kuhusu honi, wapo hapa wanaokumbuka jinsi askari wa barabarani alivyomsimamisha kwa hasira. "Mama, unanipigia honi mimi?"

"Si wewe, afande. Ni kona."

Askari hakuamini. Akaamuru akate kona tena. Honi ikalia. Akaamuru mara ya tatu, na safari hii alikuwa anacheka.

Mimi sikuwa nacheka. Naomba mnivumilie hapa. Tarehe 12 Desemba 1998 nilioa. Keki ya harusi ilikuwa ya ngazi tatu, na gari pekee katika ukoo lililokuwa na nafasi ya kuilaza bila kuitikisa ni la marehemu. Nilikubali abebe keki. Kisha, jana yake, nikamwambia kwamba wakubwa wangu wa kazini wangekuwa getini, na kama haitakuwa taabu, gari aliache kwenye kituo cha mafuta.

Alinitazama. Akasema, "Sawa, mdogo wangu."

Kutoka kituo cha mafuta hadi ukumbini ni mwendo wa dakika kumi mikono mitupu. Marehemu na shemeji waliibeba keki juu ya ubao, mmoja huku, mwingine kule, saa nane mchana, yeye amevaa viatu vipya. Walipofika, sukari ilikuwa imeanza kuteremka kwenye mkono wa gauni lake. Mke wangu akamuuliza, "Wifi, kwani gari limeharibika?"

"Gari zima kabisa. Nilitaka kunyoosha miguu."

Nilisikia. Nilikuwa hatua tatu kutoka pale, na nikageuka kumsalimia mgeni.

Ugonjwa wa moyo ulimwanza mwishoni mwa 2021. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, na tarehe 9 Januari 2022 akalazwa. Mtaa wao ulikuwa unachimbwa mifereji, kwa hiyo aliniomba nimhifadhie gari uani kwangu. Alinipa funguo akiwa kitandani, akanieleza namna ya kuliwasha. Nilishakuwa meneja. Uwanja wangu nilikuwa nimeutandika vigae vya saruji, na gari likaanza kudondosha mafuta juu yake. Jirani alipita akasema, "Bosi, umeingia biashara ya vyuma chakavu?"

Ni utani tu. Lakini tarehe 3 Februari mnunuzi wa vyuma alipopita na kipaza sauti chake, nilitoka mwenyewe nikamfungulia geti. Nilishusha sanduku la vifaa. Chini ya kiti cha dereva sikuangalia.

Alipotoka hospitali aliuliza, "Gari langu?"

"Liko kwa fundi, dada. Kabureta."

"Kabureta naifungua mwenyewe."

"Pumzika kwanza."

Niliuendeleza uongo huo kwa wiki saba. Mara fundi anasubiri kipuri, mara amefiwa. Mtu mzima, baba wa watoto wawili, nawaua ndugu wa fundi ambaye hayupo ili nisiseme neno moja.

Tarehe 19 Aprili, bila kumwambia mtu, marehemu alivaa viatu vilivyokuwa vinambana, akamwomba Babu Spana, fundi magari wa mtaani kwao, ampitishe kwenye gereji zote zinazojulikana. Katika gereji ya tatu miguu ilimgomea. Babu Spana akanipigia simu. "Njoo umchukue dada yako," alisema. "Na njoo na ukweli."

Nilimkuta amekaa juu ya tairi kuukuu, mkoba mapajani, akimweleza kijana wa gereji rangi ya gari lake.

"Dada," nikasema, "nililiuza."

"Kwa nani?"

"Kwa watu wa vyuma."

"Lilikuwa limekufa?"

"Hapana. Liliwaka vizuri tu."

"Sasa kwa nini?"

"Nilikuwa naona haya."

Akavuta pumzi kwanza. "Haya ya gari, au yangu?"

Siku ile sikumjibu. Jibu lilikuwa: yako, dada. Nilikuonea haya wewe, mikono yako yenye mafuta ya mashine, viatu vyako, sauti yako kubwa mbele ya watu wa ofisini. Gari lilikuwa kisingizio.

Kisha akauliza, "Na daftari langu?" Chini ya kiti cha dereva, kumbe, kulikuwa na daftari la jalada gumu. Humo aliandika kila mashine aliyowahi kuishika, ya nani, ina kilema gani, inataka sindano ipi, ilifunguliwa lini na kwa nini. Miaka thelathini ya kazi. Kesho yake nilikwenda kwenye uwanja wa vyuma. Mwenye uwanja alinionyesha lundo lililobanwa, refu kuliko nyumba, akasema nichague. Nilizunguka mpaka jioni. Nilirudi mikono mitupu.

Hakunisemesha kwa siku kumi na tisa. Nilikwenda kila siku, nikakaa sebuleni, shemeji akanipa maji. Siku ya ishirini alitoka chumbani amevaa, na miwani usoni.

"Una kalamu?"

"Ninayo."

"Nipeleke kwa mafundi."

Kuanzia Mei 2022 hadi Aprili mwaka huu, kila Jumamosi, nilimwendesha kibanda kwa kibanda kwa gari langu kubwa. Alilidharau. "Viti vyako vinaniogopesha," alisema, mpaka nikavifunika magunia. Yeye alikaa kwenye kiti karibu na mashine, akamwambia mwenyewe akanyage, akafumba macho akasikiliza. Halafu akasema na mimi nikaandika. Mara nyingi alinisahihisha mbele yenu, nanyi mlicheka, na mlikuwa na haki. Tulizipitia mashine mia moja na arobaini na sita. Mwandiko wa daftari jipya ni mbaya kwa sababu ni wangu, lakini maneno yote ni yake. Binti yake atalileta kwenye chama chenu cha mafundi.

Mara moja tu, tukiwa barabarani, nilimuuliza kama amenisamehe. Akatazama mbele. "Taa imeshakuwa kijani," alisema. "Endesha."

Mei hii hali yake ilibadilika ghafla. Alilazwa tarehe 14. Nilipomwona siku mbili baadaye alikuwa anaongea kwa kukatakata, akanishika mkono wa shati. Nilidhani ataniaga. Akasema, "Mashine ya ovaloki ya yule mjane wa karibu na stendi. Hukuandika namba ya sindano." Nikaandika pale pale, nyuma ya kadi ya hospitali, akanitaka nimsomee. Akatikisa kichwa kukubali. Marehemu alifariki tarehe 17 Mei 2023, saa nne na robo asubuhi, binti yake akiwa amemshika. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita na miezi miwili.

Ameacha mume, binti mmoja, mkwe mmoja, wajukuu wawili, wifi mmoja aliyempenda kama mdogo wake wa kuzaliwa, na mdogo mmoja aliyemlea kwa mikono yake, ambaye hakustahili na ambaye alilelewa hivyo hivyo.

Dada yetu, umefika. Mwenyezi Mungu akupe pumziko lenye amani.