Mashahidi Arobaini wa Lori Moja

Kwenye teksi ya Probox ya kutoka Matinyani kwenda Kitui nilikaa katikati ya mzee Mutie na mama Ndila, wakirushiana maneno juu ya magoti yangu. Wao na wanakwaya wenzao, jumla arobaini, waliumia lori walilopanda lilipopinduka. Wakamshtaki mwenye lori kwa pamoja, wakashinda. Lakini jaji amesema mwenye lori atawarudishia tu gharama ya wakili iliyokuwa ya lazima kwa kesi. Shahidi mmoja angetosha kueleza ajali; siku za wakili zilizoliwa na hao wengine thelathini na tisa wajilipie wenyewe.

“Si nilisema tuchague mtu mmoja aongee?” akauliza mama Ndila.

“Ukajichagua wewe, mama! Na ulikuwa umefunga macho ukiomba. Uliona nini?”

“Wewe mzee ulikuwa umelala. Uliamkia kwa mtaro, lakini huko kortini uliongea siku mbili!”

Nilimhurumia jaji.

“Mbavu ilivunjika ni yangu,” mzee akasema. “Nani mwingine ataisemea?”

Tulipokaribia korti wakaelewana kwamba leo ataingia mmoja tu, amwombe jaji afikirie tena. Gari likasimama. Wakashuka, huyu mlango huu, yule mlango ule, kila mmoja akimwambia mwenzake amngoje garini.