Kiatu ya Kushoto ya Jonah Kipruto

Miaka thelathini na mbili. Hiyo ndiyo Jonah Kipruto amefanya kazi hapa Bonde Sinema, Nakuru, kutoka mwaka wa tisini na nne, na leo Jumanne, tarehe thelathini mwezi wa sita, anafunga kaunta yake anaenda kupumzika. Meneja alitaka mtu wa kueleza hiyo safari yake kwa hii karatasi ya sherehe. Watu wote wakaangalia mimi, kwa sababu mimi ndiyo nimekaa na yeye sana, nikipika chai na kufagia ukumbi. Kuandika sijui. Naongea, Becky wa ofisi anaandika, na nimemwambia asitoe kitu.

Alikuja hapa kijana mrefu kutoka Rongai, suruali inaishia hapa juu ya kifundo. Mama yake alikuwa anauza mahindi, mahindi tamu sana, siku hizi hakuna mahindi kama hiyo, hata ukichemsha asubuhi mpaka... sawa, Becky anasema nirudi kwa kazi. Alianza na kukata tiketi kwa mlango. Halafu wakampa kaunta ya kukodisha filamu. Ilikuwa kaseti, ikakuja CD, sasa ni flashi. Kaunta ni ile ile na Kipruto ni yule yule.

Kitu ilifanya ajulikane ni filamu moja, Ile ya Kiatu. Iko na jina yake ya kizungu, lakini hapa kila mtu anaiita hivyo. Ni mwanaume amekufa, akazikwa na kiatu moja tu, ya kulia. Sasa anatoka kaburini anagonga nyumba kwa nyumba, anauliza kiatu yake ya kushoto iko wapi. Inatisha na inachekesha, yote pamoja. Unapiga nduru, tena unacheka mpaka njugu zinamwagika, na ni mimi nafagia hizo njugu. Tunaionyesha kila Jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa nane mchana. Ni ya zamani na bado ukumbi hujaa.

Ikiisha watu hawaendi nyumbani. Wanajazana kwa kaunta na swali moja: sasa baada ya hii nione gani? Na Kipruto hakupatii haraka. Anakuuliza vitu mbili. Ulipiga nduru wapi? Ulicheka wapi? Ukishamjibu anajua wewe ni mtu wa aina gani, anakupatia yako.

Muiruri, dereva wa lori wa Mai Mahiu, mtu mkubwa mpaka anaingia jikoni yangu kwa upande, alikuja akitaka ingine ya kutisha zaidi. Kipruto akamuuliza alipiga nduru wapi. Muiruri akasema yeye hakupiga.

"Wacha uongo, boss," mtu wa nyuma yake akasema. "Umenishika mkono mpaka saa yangu imesimama."

Kipruto akampatia ile ya mbuzi iliyokula keki ya harusi. Muiruri akarudisha baada ya miezi tatu, kaseti imechoka kabisa. Alikuwa amewaonyesha madereva wote.

Makosa pia amefanya, si malaika. Kuna kikundi cha akina mama wa kanisa huko Lanet, mwenyekiti wao ni Chesang. Walitaka kitu ya kucheka tu. Kipruto akachanganya makava ya kaseti, akawapa ya kutisha kavu, haina kicheko hata moja. Wakazima katikati, wakafunika TV na vitambaa vyote vya viti, wakaweka Biblia juu, na hiyo TV ikakaa hivyo wiki nzima, hakuna mtu anaangalia hata habari. Kipruto akisikia, akaenda mwenyewe siku yake ya ofu, ya kupumzika. Akatoa vitambaa moja moja, akaweka ya mbuzi, akakaa katikati ya hao akina mama mpaka ikaisha.

"Wewe kijana," Chesang akamwambia, "ungekuwa wangu ningekuchapa kwanza, halafu ndiyo nikupe chai."

Mpaka leo Lanet hawafanyi harusi bila kumwita.

Na mimi? Miaka yote hiyo sikuwa nimeona mwisho ya Kiatu. Marehemu akifika tu kwa mlango ya bibi yake, mimi natoka kuangalia kama maji imechemka. Kipruto, ananiita Mathe kama mama yake, ananiambia, "Mathe, wewe siwezi kukuambia uone gani baadaye. Hujamaliza hii."

Barua ya kustaafu ilipofika aliisoma mara mbili kwa kaunta. Chai inapoa mbele yake. Nikamwambia utakuwa unakuja kutuona, hata mara moja kwa mwezi. Akasema hapana, mtu akimaliza kazi aende. Akirudirudi kugonga milango atakuwa kama yule wa kiatu, kusumbua watu tu. Alisema akicheka, lakini alikuwa anapanguza kaunta pahali tayari ni safi. Nikajua huyu akitoka hatarudi, na hiyo siku sikulala vizuri.

Jumamosi iliyopita, siku ya Kiatu, nikazima jiko. Nikakaa mbele kabisa, leso kwa mdomo.

Marehemu akagonga. Bibi yake akafungua, na hakupiga nduru. Kiatu ilikuwa na yeye wakati wote, chini ya kitanda, imepigwa rangi. Ni yeye aliificha siku ya mazishi. Alijua mzee wake hawezi kuvumilia kiatu moja, lazima atarudi kuuliza, na akirudi wataongea kidogo. Akamwekea kiti, akamvalisha, wakakunywa chai. Mimi miaka hiyo yote natoroka kwenda kupika chai, kumbe mwisho yake ni chai!

Kipruto akaniuliza nilipiga nduru wapi. Nikasema hakuna. Nilicheka wapi? Nikasema sikucheka, nililia. Akafikiria, akanipatia ya mbuzi. Naanza kushuku hiyo ndiyo anapatia watu wote.

Sasa Kipruto, hapa soma polepole. Tumekununulia viatu, sisi wafanyakazi wote. Ya ngozi, nyeusi, namba kumi na moja. Kwa boksi umepewa leo utapata ya kulia peke yake. Ya kushoto iko na mimi jikoni, juu ya kabati ya majani chai, imepigwa rangi. Kuja uitishe. Na ya mbuzi sijaiona, nakungoja tuone pamoja.

Asante kwa hiyo miaka yote. Mungu akupe siku nzuri huko Rongai, nyingi, lakini usizimalize zote huko.

Ni mimi, Wachuka wa chai.