Hodi Kwenye Faili

MWANAKUU: Haloo? Nani mwenzangu?

SHUKRI: Shukri wa ofisini. Masalkheri, Mwanakuu. Kwema hapo Kuze?

MWANAKUU: Kwema, alhamdulillahi. Mbona wakwaruza?

SHUKRI: Simu ya kibandani, Buxton. Sarafu ni hii moja. Sikiliza, kesho mamangu na shangazi waja kwenu kwa lile neno la posa—

MWANAKUU: Najua. Mama ashaosha vikombe.

SHUKRI: Ila lipo jingine, nikataka ulisikie kwangu kabla hujaliona Jumatatu. Ile kompyuta ya ofisi, inayoandika jina la aliyegusa faili mwisho...

MWANAKUU: Umegusa la nani?

SHUKRI: Lako. Lilikuwa wazi, halina neno la siri.

MWANAKUU: Mlango wetu pia u wazi tangu alfajiri. Wewe huingia tu?

SHUKRI: Hupiga hodi.

MWANAKUU: Ukikosa kuitikiwa?

SHUKRI: Hodi ya tatu, narudi zangu.

MWANAKUU: Na ofisini hodi uliiacha wapi?

[Simu inakoroma.]

SHUKRI: Niwie radhi. Ila nilikuta shairi humo, nami shairi likichechemea silali. Ubeti wa pili ulipungua mizani mbili. Nikautengeneza.

MWANAKUU: Ukahifadhi?

SHUKRI: Juu ya lako.

MWANAKUU: Na maana yake uliielewa, bingwa?

SHUKRI: Mimi tena? La jogoo anayedhani pasipo yeye kuwika jua halitoki. Nilicheka peke yangu. Nikamwongezea na upanga mwekundu kichwani—

MWANAKUU: Jogoo mwenye kalamu sikioni.

SHUKRI: Hapo ndipo palipo patamu, maana—

[Shukri anajipapasa sikio.]

SHUKRI: Mwanakuu. Kalamu mimi huiweka sikioni.

MWANAKUU: Hata sasa?

SHUKRI: ...Nimeitoa.

MWANAKUU: Kina Mirriam wa ofisini walikuwa wanalingoja. Sasa watasema umejitukana mwenyewe, tena kwa vina kamili.

SHUKRI: Basi nimwambie mama asije?

[Mkwaruzo.]

SHUKRI: Mwanakuu? Sarafu yaisha—

MWANAKUU: Waje. Wapige hodi, wangoje. Nikiwa nimekusamehe wataitikiwa.

SHUKRI: Na usipo—

MWANAKUU: Hodi ya tatu, warudi zao. Si ndivyo ulivyosema? Na shairi langu ulirudishe kama ulivyolikuta.

SHUKRI: Nitalirudisha, wallahi. Neno kwa neno.

MWANAKUU: Linachechemea hivyohivyo.

SHUKRI: Hivyohivyo. Ingawa kwa haki, Mwanakuu, ule ubeti wa pili kweli ulikuwa umepungu—

[Simu imekatika.]